Jinsi ya Kuunda Wimbi Zuri la Weksafingi kwa Boti ya Kawaida ya Burudani

Weksafingi ni mchezo wa kuteleza kwa ubao kwenye wimbi linaloachwa na boti, ambapo mtelezaji hushika kamba wakati wa kuinuka tu, kisha huiachia na kusukumwa na wimbi lenyewe. Kwa kuwa hakuna kinachomvuta, wimbi likiwa dhaifu atabaki nyuma na kuzama hata kama ni hodari. Mchezo huu umeenea zaidi katika maziwa ya Marekani na Kanada, na boti mpya zinazotengenezwa kwa ajili yake huuzwa kwa bei ambayo wengi hawaimudu. Mwongozo huu ni wa mwenye boti ya kawaida yenye injini ya ndani, isiyo na mitambo ya kiwandani ya kuunda wimbi, anayetaka kupata wimbi la kuridhisha kwa kutumia uzito, mwendo na kifaa kimoja kidogo cha ubavuni.

Kwanza ni lazima boti yenyewe iwe ya aina inayofaa. Mtelezaji hukaa mita chache tu nyuma ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, na akianguka kuelekea mbele anaweza kufika ilipo boti kabla nahodha hajageuza shingo. Kwa sababu hiyo hutumiwa boti ambazo propela yake imekaa chini ya kiwiliwili cha boti, mbele ya mwisho wa tezi, au zile zenye mfumo wa propela zinazotazama mbele, kama ule ambao Volvo Penta iliutoa mwaka 2015. Boti za faiba zenye injini ya kupachika, ambazo huonekana katika pwani ya Afrika Mashariki na Ziwa Viktoria, hazifai kabisa hata zikibebeshwa uzito wa kutosha, kwa kuwa propela yake huzunguka pale pale anapoangukia mtu. Jambo hili halina njia ya mkato, na anayeshauri vinginevyo asisikilizwe.

Hatari ya pili haionekani. Injini ya petroli hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujikusanya nyuma ya boti inayokwenda polepole. Uzito unaowekwa tezini huishusha bomba la moshi karibu na maji na kuizidisha hali hiyo. Injini izimwe kila mtu anapokaa au kupanda kwenye jukwaa la nyuma, mtu yeyote asining'inie hapo boti ikiwa inakwenda, na mtelezaji anayelalamika kichwa kumuuma au kusikia kichefuchefu atolewe mara moja mahali penye hewa safi na kutafutiwa msaada. Jaketi la kuokolea maisha ni la lazima kwa anayeteleza, na ni lazima pia awepo mtu wa pili botini wa kumwangalia wakati nahodha anatazama mbele.

Wimbi linavyozaliwa

Boti inayosonga huyasukuma maji pembeni na chini, na nyuma ya tezi huacha shimo. Maji ya kulia, ya kushoto na ya chini hukimbilia kulijaza. Yanapokutana kwa wakati mmoja katikati, hugongana na kuwa povu, na mawimbi ya pande zote mbili huwa mafupi na yenye vurugu. Siri yote ya wimbi la weksafingi ni kuyafanya maji ya upande mmoja yachelewe kufika, ili ya upande wa pili yapate nafasi ya kupanda na kujikunja yakiwa safi.

Urefu wa wimbi una kanuni yake. Wimbi linaloifuata boti husafiri kwa mwendo wa boti, na katika maji yenye kina urefu wake kutoka kilele hadi kilele huongezeka kwa mraba wa mwendo huo. Boti ikienda kilomita 16 kwa saa, wimbi huwa na urefu wa takriban mita 12.7, ikienda 18, hufika karibu mita 16, na ikienda 19, hukaribia mita 17.8. Mawimbi ya pembeni, yale yanayofunguka kama kabari ambayo William Thomson, yaani Lord Kelvin, aliieleza kihesabu mwaka 1887, hayalingani kikamilifu na hesabu hiyo, lakini mwelekeo ni ule ule: badiliko dogo la mwendo huleta badiliko kubwa la umbo.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini kina hutangulia mambo mengine yote. Katika maji ya kina cha mita 3, wimbi haliwezi kusafiri kwa kasi inayozidi takriban kilomita 19.5 kwa saa, na katika mita 2 kikomo ni karibu 16. Maana yake ni kwamba boti inayokwenda 18 juu ya fungu la mchanga inalikimbiza wimbi ambalo maji hayawezi kulibeba. Itavuta kwa shida, wimbi litalala, na nahodha ataanza kulaumu farumi, yaani uzito unaoongezwa botini, ambayo haina kosa. Wimbi la mita 16 huanza kuigusa sakafu ya ziwa kina kinapopungua chini ya mita 8 hivi. Tafuta mita 6 au zaidi, na usifanye jaribio lolote la kulinganisha mipango ya uzito pasipo kuangalia kwanza kipimo cha kina.

Farumi

Boti huhamisha maji yenye uzito sawa na wake. Ikiwa nyepesi, shimo la nyuma huwa dogo, na hakuna kifaa kitakacholifidia. Njia nafuu ya kuongeza uzito ni mifuko imara ya plastiki inayojazwa maji ya ziwani kwa pampu ya umeme. Lita moja ya maji baridi ina kilo moja, kwa hiyo mfuko wenye urefu wa mita 1, upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 50 hubeba kilo 250 hivi, sawa na watu wazima watatu wanene kidogo. Wengine hutumia vifuko vya madini ya risasi, ambavyo huchukua nafasi ndogo lakini haviwezi kumwagwa majini boti inapopata matatizo. Kwa maoni yangu anayeanza abaki na maji.

Kabla ya kujaza chochote, soma kibandiko cha uwezo kilicho karibu na usukani, ambacho sheria ya Marekani inakitaka kwenye boti za injini za kiwiliwili kimoja zenye urefu usiofika futi 20. Farumi huhesabiwa pamoja na abiria na mizigo. Ikiwa kibandiko kinaruhusu kilo 800 na kuna watu sita wenye wastani wa kilo 75, kilo 450 zimekwisha kutumika, na kilichobaki kwa ajili ya maji, ubao na kisanduku cha vinywaji ni 350 tu. Pampu ya kutoa maji ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, ijaribiwe kabla ya kuondoka, kwani boti iliyoshuka hupokea maji mahali ambapo kwa kawaida pangekuwa pakavu.

Anza kwa kuweka theluthi mbili hivi ya uzito tezini na theluthi moja omoni, yaani sehemu ya mbele ya boti. Uzito wa tezini hulipa wimbi kimo na mwinuko mkali. Uzito wa omoni hulirefusha na kulipa nafasi ya kutelezea. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kurundika kila kitu nyuma. Wimbi linalopatikana hupendeza likipigwa picha, lakini ni fupi kiasi kwamba mtelezaji akirudi nyuma hatua moja amelipoteza, na omo huinuka hadi nahodha asione mbele. Mfuko mdogo wa omoni mara nyingi hufanya kazi kubwa kuliko mfuko mkubwa wa pili wa tezini. Hata hivyo omo isishushwe kupita kiasi: boti inapopunguza mwendo, wimbi lake lenyewe huifikia, na omo iliyo chini inaweza kuchota maji mengi kwa mkupuo mmoja.

Zamani, kabla ya vifaa vya ubavuni, watu waliweka karibu uzito wote kwenye kona ya nyuma ya upande wa kutelezea ili boti ilale upande huo. Njia hiyo bado inafanya kazi, ila usukani huwa mzito na wimbi huwa na mwinuko mkali lakini bila urefu. Siku hizi boti iliyo karibu sawa, ikiwa imelala kidogo tu kwenye upande wa kutelezea, hutoa matokeo bora inapofungwa kifaa. Wanaotanguliza mguu wa kushoto kwa kawaida huchagua upande wa kushoto wa boti, na wanaotanguliza wa kulia huchagua wa kulia. Jaribu pande zote mbili, kwa sababu mzunguko wa propela huufanya upande mmoja uwe safi kuliko mwingine.

Watu nao ni farumi, tena farumi inayosikia ikiambiwa. Mtu wa kilo 75 akihama kutoka kiti cha kulia kwenda cha kushoto, tofauti kati ya pande mbili hubadilika kwa kilo 150, na wimbi hubadilika papo hapo. Tumia wepesi huo kwa majaribio: hamisha watu kwanza, tazama wimbi, ndipo uamue pa kuweka mfuko. Baada ya hapo waombe wakae walipo, maana abiria mmoja akisimama kutafuta miwani yake anaharibu kipimo chote.

Mwendo

Mwendo wa weksafingi kwa boti nyingi ni kati ya kilomita 16 na 19 kwa saa. Boti yenye mita 6.5 kwenye mstari wa maji huanza kuzidiwa na wimbi lake mwenyewe karibu na kilomita 11.5 kwa saa, na inahitaji mwendo mkubwa zaidi ili ipande juu ya maji na kuteleza. Sisi tunaiweka katikati, tezi ikiwa imezama na injini ikichimba, hali ambayo manahodha wengine wote huikimbia. Mafuta yatatumika kwa wingi.

Anza na kilomita 17.5, kisha ongeza au punguza kwa nusu kilomita, ukiupa kila mwendo angalau nusu dakika ya kutulia. Polepole zaidi huleta wimbi fupi lenye mwinuko mkali. Haraka zaidi huleta wimbi refu, la chini na safi. Tegemea kipimo cha GPS, kwa kuwa kile cha kizamani cha ndani ya maji hupotoka boti inapolala upande. Ikiwa hakuna kifaa cha kushikilia mwendo, nahodha aweke mkono wake juu ya mtambo wa mafuta na kurekebisha taratibu, akiangalia namba badala ya kusikiliza mngurumo.

Kibamba cha ubavuni

Mwaka 2012 kampuni ya Malibu Boats ilitoa mfumo wa Surf Gate, ambao ni bamba linalojifungua pembeni mwa tezi na kuyachelewesha maji ya upande huo. Mwenye boti ya kawaida anaweza kupata sehemu kubwa ya faida hiyo kwa kibamba kinachonatishwa kwa vikombe vya kunyonya. Kibamba hufungwa upande ulio kinyume na ule wa kutelezea: ukitaka wimbi la kushoto, kifunge kulia.

Mahali pake ni karibu kabisa na mwisho wa tezi, sentimita chache chini ya mstari wa maji. Mstari huo upimwe boti ikiwa imekwisha kujazwa farumi na watu wameketi, kwa sababu mahali panapoonekana sahihi boti ikiwa tupu huwa chini mno baadaye. Futa ubavu kwa kitambaa hadi utelezi wa mwani uishe, lowesha vikombe, vikandamize kimoja kimoja hadi hewa itoke, kisha funga kamba ya akiba kwenye ndoano ya boti. Ukisikia tezi inavutwa upande, huo ni ushahidi kwamba kinafanya kazi. Kikibanduka kila mara, sababu huwa uchafu au mwendo uliozidi. Kitolewe kabla ya kwenda kasi na kabla ya boti kupandishwa kwenye trela.

Kulisoma wimbi

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na mtu aliye nyuma apige video kutoka pembe ile ile. Kilele kikitoa povu na kumwagika mapema, ongeza mwendo kidogo au sogeza kibamba juu au chini kwa sentimita mbili tatu. Wimbi likiwa refu lakini mtelezaji analazimika kuegemea mguu wa mbele muda wote, msukumo haupo: punguza mwendo au ongeza uzito tezini. Likiwa na nguvu lakini fupi, peleka mtu mmoja omoni. Likiwa chafu upande mzima, boti imelala isivyotakiwa au kibamba kimeachia. Ukipata mpango unaofaa, uandike ukitaja kila mfuko, watu walipokaa na mwendo, kwani wiki ijayo hutaukumbuka.

Nahodha aende kwa mstari mrefu ulionyooka. Mtelezaji akianguka, punguza kwanza mwendo taratibu, kisha geuka polepole. Kugeuka kwa kasi huzalisha mawimbi yanayokutana na kumrudia aliye majini. Mawimbi ya weksafingi hubomoa kingo na kutikisa boti zilizofungwa gatini, na ndiyo maana jimbo la Vermont nchini Marekani, tangu mwaka 2024, linataka mchezo huu ufanywe umbali wa futi 500 kutoka ufukweni na kwenye kina cha futi 20, yaani takriban mita 150 na mita 6. Hata pasipo na sheria kama hiyo, umbali huo ni wa busara, na kina hicho ndicho wimbi lenyewe linakihitaji.

Mwisho wa siku, mwaga farumi yote katika ziwa lile lile ulikoijazia, fungua vizibo vya ngama, na uache mifuko ikauke kabisa kabla ya kwenda maji mengine. Kome wenye milia waliovamia maziwa makubwa ya Amerika Kaskazini tangu miaka ya 1980 wana watoto wasioonekana kwa macho, na lita chache zinazobaki kwenye mkunjo wa mfuko zinatosha kuwasafirisha.