Kabla ya Kiangazi cha Januari: Maandalizi ya Kumwagilia Nyasi za Uani Tanga

Mvua za vuli zikikatika Desemba, Tanga inaingia kwenye miezi mikavu kuliko yote, Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua likichoma tangu asubuhi. Hapo ndipo nyasi za nyumba nyingi, kuanzia Raskazone hadi Kange, zinapogeuka rangi ya makuti. Mara nyingi maji yalikuwepo. Ila yalimwagwa kidogo kidogo kila jioni, yakalowesha vumbi la juu tu, na mizizi ikabaki hapohapo juu kwa kuwa chini hakukuwa na cha kufuata. Jua kali la siku mbili tatu linatosha kuimaliza. Kwa hiyo mizizi izoeshwe kushuka mapema, kabla joto halijakolea.

Anza na udongo. Chukua bisibisi ndefu, mwagilia kama ulivyozoea, subiri kama saa moja, kisha ichomeke ardhini. Inapita kirahisi kwenye udongo uliolowa na inagoma ikifika palipo pakavu. Weka kidole pale ilipogomea, ichomoe uone: watu wengi watakuta urefu wa kucha. Tunatafuta sentimita 10 hadi 15. Viwanja vya karibu na bahari vina mchanga unaopitisha maji upesi, hivyo kiasi cha wiki kigawe mara mbili. Udongo mzito unashika maji muda mrefu na mara moja kwa wiki inaweza kutosha, lakini unakunywa polepole. Ukiona maji yanaanza kutiririka kuelekea barazani, funga, subiri nusu saa, endelea. Palipokanyagwa hadi pakawa kama sakafu, toboa matundu kwa uma wa bustani kwanza, la sivyo unamwagilia mtaro.

Kiasi nacho kijulikane kabla. Kipimo kinachotumika sana ni milimita 25 kwa wiki, mvua ikihesabiwa humo, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Uwanja wa mita 5 kwa 6 basi unahitaji lita 750 kwa wiki. Mpira wako unatoa kiasi gani? Kinga ndoo ya lita 20 uangalie saa. Ikijaa kwa dakika 2, unapata lita 10 kwa dakika, na uwanja huo utaumaliza kwa dakika 75 kwa wiki, yaani kama dakika 38 kila mara ukigawa mara mbili. Anayetumia kinyunyizio apange makopo matupu ya nyanya sehemu mbalimbali za uwanja, awashe, kisha apime kila kopo kwa rula. Tofauti utakayoiona kati ya kopo la karibu na la pembeni ndiyo sababu ya yale mabaka ya njano unayoyalaumu kwa wadudu.

Fikiria pia lita hizo zinatoka wapi. Maji ya bomba ya Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi unaoshuka kutoka Usambara Mashariki, na kiangazi kinapokolea mto nao unapungua. Kama maji yako unanunua kwa madumu, lita 750 ni karibu madumu 38 kila wiki. Hapo mimi nasema wazi: punguza uwanja. Kipande kidogo mbele ya baraza chenye nyasi nzito kinapendeza kuliko eneo kubwa lenye kukaukakauka, na pembeni panda miti ya kivuli.

Saa nzuri ni kuanzia kumi na moja alfajiri hadi saa moja na nusu au mbili asubuhi. Upepo wa baharini haujaanza kusukuma manyunyu kwa jirani, ardhi imepoa, na maji yanapata muda wa kuzama kabla jua halijayavuta. Wengi wanapenda jioni baada ya kazi, na kwa bara kavu huenda isilete shida kubwa, lakini pwani yetu ina unyevu mwingi hewani. Ukilowesha majani saa kumi na mbili jioni yanakaa na maji usiku kucha, umande unaongezea juu yake, na ugonjwa wa ukungu unapata nafasi ya kushambulia. Alfajiri majani yameshalowa umande tayari, kwa hiyo huongezi saa za unyevu. Mchana, mpira uliolala juani una maji ya moto ndani yake. Yaache yatoke kwanza kwenye ndoo.

Wenye visima karibu na ufukwe waonje maji kabla ya kumwagilia. Yakiwa na chumvi, yanaacha unga mweupe juu ya udongo na ncha za majani zinaungua, hasa yakikaukia juani. Ukoka unavumilia chumvi kiasi, paspalamu, aina nyingine ya nyasi, inavumilia zaidi, kwa hiyo anayepanda upya afikirie hilo. Mara mojamoja mwagilia kwa wingi maji ya bomba au ya mvua uliyokinga, ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Nyasi zilizopandwa karibuni hazifuati haya. Zinahitaji maji machache kila siku, kwa wiki mbili tatu hadi zishike. Za zamani usizikate hadi chini kiangazi; ondoa theluthi moja ya urefu, zilizobaki zitafunika udongo wake.

Usifuate kalenda tu. Kanyaga uwanja asubuhi: nyasi zikiinuka mara moja, acha. Alama ya mguu ikibaki na majani yakiwa yamejikunja, yana rangi ya kijivu, siku imefika. Mgao wa maji ukizidi hata kumwagilia huko kukashindikana, ukoka uliokomaa unaweza kukauka juu huku mashina yake ya chini yakiwa hai. Upe maji ya kutosha kila baada ya wiki mbili au tatu, usiukanyage wala kuukata, na utachipua masika yakianza Machi.