Kashata laini za tende na njugu kwa safari ndefu za baskeli

Kashata ya kawaida ya njugu haimfai anayekanyaga pedeli saa tatu mfululizo. Ni ngumu, na mtu anayehema hawezi kuitafuna. Tena njugu zimezidi, na mafuta yake hukaa tumboni wakati miguu inataka sukari. Hii ina tende nyingi na njugu kidogo. Kila kipande kina wanga na sukari karibu gramu 20.

Vitu: tende laini zilizotolewa kokwa gramu 250, sukari gramu 200, njugu nyasa gramu 100, ufuta gramu 50, maji robo kikombe, maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, hiliki tatu. Vinatoka vipande 20. Nazi mbichi usitie kabisa: kwa joto letu huchacha upesi.

1. Njugu. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe. Ndizo zinazoelekea zaidi kuwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na kukaanga hakuiondoi yote. Nzuri zikaange kavu, zimenye, zitwange kinuni zipasuke tu. Mashine ya kusagia (blenda) huzitoa mafuta. Ufuta ukaange peke yake, uutoe unapoanza kuruka.

2. Tende. Ziponde pamoja na chumvi na hiliki.

3. Shira. Hapa ndipo kashata nyingi zinapoharibikia. Tumia sufuria nzito, na kama una gesi usihangaike na mkaa, maana mkaa haupungui pale unapotaka upungue. Weka sukari, maji na ndimu kwenye moto mdogo, ukoroge mpaka chembe zote ziyeyuke kabla haijachemka. Ikishachemka, mwiko weka kando. Ukiendelea kukoroga, au chembe za ukingoni zikidondokea ndani, shira yote inarudi kuwa sukari, chenga tupu. Kwa hiyo futa ukingo wa sufuria kwa kitambaa kilicholowa. Ikirudi, usimwage: ongeza maji vijiko viwili vya chakula, iyeyushe upya taratibu.

Ndimu ndiyo inayoizuia kurudi, lakini usizidishe. Ikizidi, kashata haishiki, nayo huvuta unyevu wa hewa mpaka inatoa majimaji.

Shira ya kaimati huishia kwenye kuvuta uzi. Hii lazima ipite hapo. Kila unapoipima, epua kwanza, kwani hupitiliza kwa muda mfupi sana. Dondosha tone kwenye bakuli la maji baridi, ulikusanye kwa vidole. Likitawanyika, bado. Likifanya kidonge kinachobonyea kidogo kikiminywa, tayari. Mwenye kipimajoto ataona nyuzi 120 za Selsiasi. Likikatika kwa mlio, umepitiliza: tia maji kijiko kimoja cha chakula, uchemshe na kupima tena. Wakati wa masika sogeza kidonge kiwe kigumu kidogo zaidi, maana hewa yenyewe itakilainisha.

4. Kuchanganya. Tia tende, songa kwa moto mdogo dakika tatu mpaka donge liachane na sufuria. Tia njugu na nusu ya ufuta. Mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, bonyeza, kata ingali vuguvugu, kisha vipande uvigaragaze kwenye ufuta uliobaki ili visigandane.

5. Kufunga. Karatasi ya kuokea keki, kipande kimoja kimoja, ncha zikunjwe tu zifunguke kwa mkono mmoja. Gazeti lina wino, na hugandia kashata.

6. Kula. Usingoje njaa. Anza dakika 30 au 40 baada ya kuondoka, halafu vipande viwili hadi vitatu kila saa, kila kimoja na maji. Kutoka Zanzibar mjini hadi Nungwi, kama kilomita 60, beba vinane. Kwa Pemba, yenye vilima vingi, kula kwenye tambarare kabla ya kupanda, kwa sababu kilimani pumzi haikuachii nafasi ya kutafuna.

Zilizobaki ziweke kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Njugu zikianza kunuka mafuta yaliyochacha, kashata hizo usizile.