Kupanga mbio ndefu ya milimani: kutoka Kibirizi hadi Kalinzi

Kijana mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, aliniletea simu yenye mstari mwekundu uliochorwa kutoka ufukweni Kibirizi, unapita nyuma ya Mwandiga na kupanda hadi Kalinzi kwenye kahawa. Alitaka kukimbia njia nzima bila kugusa lami. Tulikaa na ule mstari mpaka ukawa safari inayokimbilika, na haya ndiyo tuliyopitia. Wewe uliye Kasulu au Uvinza badilisha majina ya vijiji tu. Wa Tabora apunguze milima na aongeze mchanga.

Nachukulia kilomita 20 za barabarani unazimaliza bila kulala siku nzima inayofuata. Kama bado, anza na hilo.

Hatua ya 1: Mwezi

Juni hadi Agosti. Masika yakiwa bado yapo udongo wa vilima unateleza, na radi si za kuchezea ukiwa juu ya mgongo wa kilima. Septemba kuna joto na moshi.

Hatua ya 2: Chora njia ukiwa mezani

Pakua ramani inayofanya kazi bila mtandao. Mimi natumia OsmAnd kwa sababu inaonyesha mistari ya mwinuko. Saa za mkononi za bei mbaya siziamini, na mtu akiniambia saa yake imesoma mita ngapi huwa naitikia tu. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa bonde la ufa unapita mita 1,500, kwa hiyo mlima utaupanda utake usitake. Swali ni kuupandia wapi.

Nina masharti mawili. La kwanza, barabara ya lami ya Mwandiga–Manyovu ibaki upande wako mmoja muda wote, umbali usiozidi mwendo wa saa moja kwa miguu. Ukiteguka mguu, unajua uelekee wapi. La pili, mstari wako usiingie Gombe. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 1968, inaingiwa kwa kibali, malipo na mwongozaji, na sokwe wanaambukizwa mafua yetu. Mtu anayehema na kutema mate porini hana shughuli kule.

Hatua ya 3: Hakikisha njia ipo kweli

Hapa ndipo saa zinapopotea, na ndiyo hatua ambayo wengi wanairuka.

Picha ya setilaiti inakuonyesha mstari mweupe unaopanda kilima, unafurahi, unauchora. Ule ni udongo uliokanyagwa, basi. Haukuambii unakanyagwa na nani wala unaishia wapi. Mara nyingi njia inayong'aa kuliko zote ni ya kina mama wanaochota maji: pana, safi, inateremka bila wasiwasi mpaka kwenye chemchemi, halafu mbele ni majani matupu. Za wachoma mkaa ni mbaya zaidi. Inaanza moja, inachanuka kama vidole, na kila kidole kinaishia kwenye tanuri. Za mashambani zinahama: mwaka huu inapita kando ya muhogo, mwakani mwenye shamba amepiga matuta juu yake.

Unayoitafuta ni njia ya gulio. Alama yake kubwa ni tairi la baiskeli. Mtu aliyefunga dumu la mawese au mikungu ya ndizi kwenye keria haendi mahali pasipo na mwisho, tena anachagua mteremko wenye huruma. Inama uangalie udongo. Ukiona mikwaruzo ya tairi na nyayo za ndala zinazoelekea pande zote mbili, hiyo njia inaunganisha kijiji na kijiji. Nyayo zikiwa nyingi lakini hakuna tairi hata moja, kuna mahali mbele panapopandwa kwa mikono.

Halafu uliza, ila uliza vizuri. Ukisema "Hii njia inafika Kalinzi?" utaambiwa inafika. Nani atamvunja moyo mgeni? Kilomita nazo usiulize kabisa, utaambiwa "hapo mbele tu". Mimi nauliza hivi, baada ya salamu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Poleni na shamba. Watu wa hapa wakienda gulioni kule juu wanapita wapi?"

"Baiskeli inapita mpaka mwisho, au kuna pa kuibeba?"

"Ukitoka hapa alfajiri na mzigo kichwani, unafika jua likiwa wapi?"

Hilo la mwisho ndilo lenye dhahabu. Mama atanyoosha mkono angani akuonyeshe. Akionyesha saa nne asubuhi, umepata mwendo wa kama saa nne. Mtu mwenye mzigo mlimani mimi nampa kilomita 3 kwa saa, kwa hiyo ni kilomita 12 hivi, na hesabu hiyo ina ukweli kuliko mstari ulionyooshwa kwenye simu. Uliza watu wawili ambao hawasikilizani. Mmoja awe mtu wa jembe. Dereva wa bodaboda atakurudisha barabarani kila mara, kwake njia ni ile inayopita pikipiki. Na usiulize huku unahema na kuangalia saa, utajibiwa ili uondoke.

Ukishapata majibu, nenda ukatembee vipande vyenye shaka, katika msimu uleule utakaokimbia. Aprili nyasi zinakuzidi urefu na njia panda haionekani mpaka uwe umeipita. Zikishachomwa inakuwa kinyume: majivu yanaanika kila kijinjia cha mbuzi, na vyote vinafanana na njia yako. Kila njia panda iwekee alama kwenye simu kwa maneno ya mtu wa pale, kwa mfano "mwembe mkubwa, shika kulia". Weka alama ya pili kama mita 200 mbele yake, ya kukuthibitishia kuwa umeshika sawa. Bila hiyo ya pili utagundua umepotea ukiwa umeshateremka bonde zima, na kulipanda tena ndiko kunakoua miguu.

Mwisho, hamisha njia yote kwenye karatasi, nusu ukurasa tu, ndani ya mfuko wa nailoni. Simu inazima.

Hatua ya 4: Muda

Piga hesabu mbili. Ya mkimbiaji: kila mita 100 za kupanda zihesabu kama kilomita moja ya tambarare. Njia ya kilomita 30 yenye mita 1,200 za kupanda inakuwa sawa na kilomita 42. Kwa dakika 7 kila kilomita, ni karibu saa tano. Ya mtembeaji ni ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, aliyoitoa 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Njia ileile inakuwa saa nane. Ya kwanza ni ya kujivunia. Ya pili ndiyo unayompa mkeo au mumeo, na ndiyo inayopanga saa ya kuanza.

Kigoma tuko magharibi kabisa lakini saa yetu ni ya Dar. Mwezi Juni jua linachomoza baada ya saa moja asubuhi, na linazama karibu saa moja jioni. Ukianza saa kumi na mbili kamili kama walivyozoea wa pwani, unakimbia gizani. Anza saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano.

Hatua ya 5: Maji na chakula

Nusu lita kwa saa, ukinywa kwa kiu. Kujilazimisha maji matupu saa nyingi kunashusha chumvi mwilini: kichwa kinagonga, kichefuchefu, unaanza kuchanganyikiwa, na mwenzako anakuongezea maji mengine. Badala ya maji matupu changanya hivi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Maji ya chemchemi tia kidonge cha kusafisha maji, usubiri nusu saa. Chakula: ndizi mbivu, kashata, muhogo wa kuchemsha.

Hatua ya 6: Viatu

Raba za mtumba zenye meno zinatosha. Bonyeza soli kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao imezeeka, iache hata kama ni mpya kwa macho.

Hatua ya 7: Watu

Mjulishe mtendaji wa kila kijiji unachopita, na beba kitambulisho. Huu ni mkoa wa mpakani, na mtu mgeni anayekimbia na begi mgongoni lazima aulizwe. Patana mapema na bodaboda mmoja akusubiri pale njia yako inapokaribia lami, mwambie muda wa kufika kwa hesabu ya mtembeaji, na umlipe nusu kabla. Nusu nyingine iwe noti ndogo ndogo mfukoni, maana Kalinzi jioni chenji ya elfu kumi unaweza kuitafuta mpaka daladala ya mwisho iondoke.