Jinsi ya kuandika DBQ ya AP World History: Modern ndani ya dakika 60

DBQ, yaani insha inayojengwa juu ya nyaraka katika AP World History: Modern (mtihani wa Marekani wa historia ya dunia kwa wanafunzi wa sekondari), huwaangusha hata wanafunzi wanaokumbuka kila vita na kila mkataba. Unapewa nyaraka 7 na dakika 60, ambazo 15 za mwanzo zinapendekezwa kuwa za kusoma. Insha hii ina robo ya alama za mtihani mzima, na mada yake hutoka kati ya mwaka 1450 na 2001. Inasahihishwa kwa alama 7: hoja kuu 1, muktadha 1, matumizi ya nyaraka 2, ushahidi wa nje 1, uchambuzi wa chanzo 1 na upevu wa hoja (kuonyesha pande mbalimbali za suala) 1.

Tutafuata swali moja la mazoezi: *Tathmini ni kwa kiasi gani sababu za kiuchumi zilichochea upinzani wa Waafrika dhidi ya ukoloni wa Ulaya, 1880 hadi 1914.*

Hatua ya 1: Lichambue swali (dakika 2). Kwenye karatasi ya rafu andika anachotaka mtahini, mada na miaka. "Kwa kiasi gani" maana yake upime uzito wa sababu. Kuziorodhesha tu hakutoshi. Miaka nayo ina mtego. Wanafunzi waliokulia kwenye familia za Afrika Mashariki hukimbilia Mau Mau, ambayo ni ya miaka ya 1950. Iko nje ya kipindi, kwa hiyo haihesabiki kuwa ushahidi.

Hatua ya 2: Anza na mwandishi, kisha maneno yake (dakika 10). Juu ya kila waraka pameandikwa nani aliandika, lini, na mara nyingi kwa ajili ya nani. Soma hapo kwanza. Tuseme waraka mmoja ni wa Gustav Adolf von Götzen, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, kutoka kitabu alichochapisha mwaka 1909 kuhusu Maji Maji. Kabla hujasoma hata sentensi moja, unajua kwamba uasi ulizuka akiwa madarakani. Akilaumu waganga, jiulize ananufaika vipi amri zake za kulima pamba kwa lazima zisipotajwa.

Mwingine uwe barua ya Machemba, mtawala wa Wayao, aliyomwandikia kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann kwa Kiswahili mwaka 1890: urafiki yuko tayari, kuwa chini yake hataki. Huyu anamjibu kamanda moja kwa moja, hivyo ukali wa lugha yake ni sehemu ya ujumbe.

Kwa kila waraka andika mstari mmoja: unasema nini, na kwa nini mtu huyu aseme hivyo. Mstari huo uandike kwa Kiswahili ukitaka, rafu haisahihishwi. Insha yenyewe ni ya Kiingereza.

Hatua ya 3: Panga makundi (dakika 3). Mawili au matatu yanatosha. Hapa: kodi na kilimo cha lazima, kulinda mamlaka, dini. Waraka mmoja ukiingia makundi mawili, vizuri zaidi.

Hatua ya 4: Andika hoja kuu. "Kulikuwa na sababu nyingi za upinzani" haipati kitu, maana haipimi wala haibishaniki. Hii inapata: *Ingawa kodi na kilimo cha lazima cha pamba viliwasha upinzani katika maeneo kama kusini mwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, dini ndiyo iliyounganisha jamii ambazo hazikuwa na mtawala mmoja.*

Hatua ya 5: Muktadha, sentensi 3 au 4. Viwanda vya Ulaya kutafuta malighafi, kisha Mkutano wa Berlin wa 1884–1885. Kutaja Berlin kwa jina na kupita hakupati alama. Eleza ulivyofungua njia ya yaliyofuata.

Hatua ya 6: Aya za mwili (karibu dakika 35). Hapa ndipo alama nyingi hupotea, na sababu ni ileile kila mara: "Waraka wa 1 unasema… Waraka wa 2 unasema…" Huo ni muhtasari. Anza aya kwa dai lako, kisha uite waraka uje kulithibitisha. Mfano: *Uchumi ndio uliowasha moto. Wamatumbi walianza Maji Maji mwezi Julai 1905 kwa kung'oa pamba ya shamba la lazima. Götzen anaukazia uganga, jambo linalotarajiwa kwa gavana anayetetea utawala wake, hivyo ukimya wake juu ya pamba hauondoi uzito wa sababu hiyo.* Tazama sentensi ya mwisho: chanzo kinachambuliwa na papo hapo kinarudishwa kwenye hoja. "Götzen ana upendeleo" peke yake ni bure.

Alama zote 2 za nyaraka zinahitaji nyaraka 4 zinazounga mkono hoja. Tumia 6, kwa sababu ukiuelewa mmoja vibaya hautahesabiwa. Uchambuzi wa chanzo unahitaji nyaraka 2; fanya 3. Kwa ushahidi wa nje, vita vya Adwa vya 1896, ambako Ethiopia iliishinda Italia, vinafaa ikiwa havimo kwenye nyaraka, na isiwe kitu ulichokwisha kukitumia kwenye muktadha.

Muda ukikubana, achana na upevu wa hoja, hiyo ndiyo alama ngumu kuliko zote. Bakiza dakika 2 uandike hoja kuu upya mwishoni, hasa kama mawazo yalibadilika njiani: msahihishaji anaruhusiwa kuitafuta kwenye utangulizi au kwenye hitimisho.