Usikimbilie kwa fundi: jinsi ya kujaribu wazo la projekti ukiwa Tanga

Nyie mnaoanza projekti za mwaka wa mwisho hapa Tanga naomba mnisikilize, maana inaniuma kuona wanafunzi wazuri kabisa wanamaliza hela kwa fundi wa kuchomelea wakati wazo lenyewe halijashikwa na mtu hata mmoja.

Tuseme unataka kutengeneza boksi la kubebea samaki kwenye baiskeli, la wachuuzi wanaochukua mzigo soko la samaki la Deep Sea asubuhi na kuuzungusha mitaani. Achana na bati kwanza. Andika swali moja ambalo prototaipu yako, yaani mfano wa kujaribia, itajibu. Linatulia kwenye keria? Hilo swali moja. Barafu inadumu? Hilo lingine na linataka prototaipu yake, ukichanganya halafu ikafeli hutajua imefelia wapi.

La keria, chukua maboksi ya dukani, seloteipu na mpira wa kufungia. Ndani panga chupa za maji, lita moja ni kilo moja, kwa hiyo chupa 20 za lita moja na nusu ni kilo 30 bila kuharibu samaki wa mtu, halafu endesha, pita lami, pita mchangani. La barafu, weka maboksi mawili juani, moja na foamu jeupe linalokuja na TV na jingine tupu, barafu uzito sawa, baadaye mwaga maji upime iliyobaki. Jeff Hawkins aliyebuni PalmPilot, kompyuta ndogo ya mkononi, alianza kwa kutembea na kipande cha mbao mfukoni ili ajue saizi. Kama yako ni programu ya simu basi chora kurasa kwenye karatasi, mtu akigusa kitufe ulichochora unambadilishia karatasi.

Sasa kwa wachuuzi ndipo wengi wanapoharibu. Subiri pilikapilika za mnada zipungue, toa shikamoo, jieleze. Usiulize "unalionaje?" maana watu wa huku wana adabu, utaambiwa "zuri mwanangu, Mungu akujalie" na utaondoka mikono mitupu. Mpe boksi useme "mzee naomba ulifunge kama unavyofunga tenga lako", kisha nyamaza kabisa uangalie mikono yake. Akikuuliza "hapa nafungaje?" mjibu "wewe ungefungaje?" Utaona vitu ambavyo darasani huvipati, mfano mteja anataka kufunua mashavu ya samaki aone kama bado mekundu, kwa hiyo mfuniko unafunguliwa kila baada ya nyumba mbili na barafu uliyoihesabia inaisha mapema, kumbe tatizo ni mfuniko wala siyo foamu.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama tovuti ni rahisi kutumia, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kuonyesha matatizo mengi, yeye alikuwa anaongelea tovuti lakini hata hapa unaweza kuanza hivyo, watano, rekebisha, watano wengine. Siku hiyohiyo andika walichofanya peke yake na walichosema peke yake. Na kwenye ripoti weka picha za maboksi yote, lililopasuka eleza limepasukia wapi na ulibadilisha nini, hapo sasa nenda kwa fundi na vipimo vyako mkononi.