Kufua vitambaa vya altare: maji ya kwanza hayamwagwi kwenye sinki

Kabla hujashika sabuni, jua kila kitambaa cha altare, yaani meza ya Misa, kimegusa nini. Korporali, kile cha mraba kinachotandazwa chini ya kalisi (kikombe cha divai) na patena (sahani ya Hostia), kazi yake ni kudaka chembe za Hostia, mkate uliowekwa wakfu, zisipotee. Purifikatori, kitambaa chembamba cha kufutia kalisi, kazi yake ni kunyonya. Palla hufunika kalisi, nzi na vumbi visiingie. Hivi vitatu hukutana na Mwili na Damu ya Kristo, kwa hiyo vina ufuaji wao. Taulo ya kunawia padre na kitambaa kikubwa cha altare hufuliwa kama nguo nyingine safi, isipokuwa siku ambayo Damu imemwagikia hapo.

Makosa mengi huanzia kwenye kikapu. Sista au mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) anayepokea fungu la nguo Jumapili jioni anakuta taulo, purifikatori na alba (kanzu nyeupe) za watumikiaji wa Misa vimesongwa pamoja, na kutenganisha tena ni kazi ya kukisia. Weka sakristia, chumba cha kuandalia Misa, vyombo viwili. Kimoja ni kikapu cha kawaida, cha taulo na alba. Cha pili ni bakuli lenye mfuniko, la korporali, purifikatori na palla tu. Taulo ya kunawia ishonwe bila msalaba na iwe kubwa kidogo, ili hata mtumikiaji mgeni asiichanganye na purifikatori.

Purifikatori mbichi isikae ndani ya bakuli lililofunikwa hadi wiki iishe. Divai ina sukari, na kwa joto la Tanga au Mombasa madoa meusi ya ukungu hujitokeza ndani ya siku chache. Madoa hayo huingia ndani ya nyuzi na mara nyingi hayatoki tena. Kama hutafua siku hiyohiyo, tundika purifikatori kwenye kigingi safi humo sakristia ikauke, ndipo uiweke bakulini.

Maji ya kwanza

Hapa ndipo kiini cha kazi yote. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1377, inafundisha kwamba uwepo wa Kristo katika Ekaristi hudumu muda wote maumbo ya mkate na divai yanapodumu. Chembe iliyonasa kwenye mkunjo wa korporali bado ni umbo la mkate. Tone lililonywewa na purifikatori nalo halijatoweka. Ndiyo maana hati ya Vatikani iitwayo Redemptionis Sacramentum, ya mwaka 2004, namba 120, inasifu utaratibu wa kufua vitambaa hivi mara ya kwanza kwa mkono, na maji yake kumwagwa kwenye sakrario (sinki la pekee lisiloungana na maji taka) au ardhini mahali panapofaa. Baada ya hapo kinafuata kufua kwa kawaida.

Tenga beseni la plastiki au la enameli lisilobanduka, liandike ALTARE kwa rangi, na lisitumike kwa jambo lingine lolote. Beseni la bati lina kutu, na kutu ni doa baya kuliko divai. Tia maji safi ya baridi, lita tatu hivi kwa vitambaa kumi. Usitie sabuni: unachokiondoa mwanzo si uchafu.

Ifungue korporali juu ya beseni, mkunjo mmoja baada ya mwingine, ili kilichonasa kidondokee majini na si sakafuni. Usiikung'ute hewani. Ikizama, loweka kwa nusu saa, kisha iinue na kuizamisha mara kadhaa, halafu ikamue kwa viganja bila kuisokota. Purifikatori zifanyie vivyo hivyo. Wapo wanaorudia maji mara tatu. Ni desturi ya zamani na hakuna ubaya, ila mara moja iliyofanywa kwa makini inatosha.

Ukikuta kipande cha Hostia kinachoonekana, usikiloweke pamoja na vitambaa. Kiweke kwenye kikombe kidogo safi chenye maji, umwarifu padre, na kikae mahali pa heshima mpaka kiyeyuke kabisa. Maji yake yafuate njia ileile ya sakrario.

Sakrario ni sinki la pekee sakristiani ambalo bomba lake huenda moja kwa moja ardhini bila kuungana na maji taka. Makanisa mengi ya vigango, matawi ya parokia, hayana, wala hilo si kikwazo. Chagua sehemu ya udongo wazi nyuma ya kanisa, penye maua au chini ya mti, pasipokanyagwa na watu wala kufikiwa na kuku, umwage hapo polepole mpaka ardhi inywe. Waonyeshe wote wa zamu mahali penyewe, mtu asije akamwaga kwenye mfereji kwa kutojua.

Kufua kwenyewe

Sasa ni kitambaa cha kawaida, na sabuni inaruhusiwa. Tumia sabuni ya kipande isiyo na manukato. Purifikatori itafuta mdomo wa kalisi, na harufu ya sabuni ya unga hubaki pale padre anapoweka midomo. Dawa ya kulainisha nguo isiguse purifikatori kabisa, kwani hupaka nyuzi utando na kitambaa kikaacha kunyonya. Utaona padre anafuta kalisi huku matone yakisukumwa huku na huku. Suuza mpaka maji yasiteleze vidoleni.

Doa la divai nyekundu, kama ile ya zabibu za Dodoma, hutoka kirahisi likiwa bichi. Tandaza kitambaa mdomoni mwa bakuli, kikaze kwa mpira, nyunyiza chumvi, kisha mimina maji yanayochemka kutoka juu yapite katikati ya doa. Doa lililokauka lipake maji ya limau, uanike juani kwa saa moja, kisha suuza. Fanya haya baada ya maji ya kwanza, si kabla.

Rangi ya midomo huja na ndoa, bibi arusi anapopokea katika maumbo yote mawili. Ina mafuta, hivyo maji matupu huieneza. Geuza kitambaa upande wa nyuma, paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sugua kwa kidole kuelekea katikati ya doa na usuuze kwa maji ya moto. Kutu nayo hutibiwa kwa chumvi na limau, juani. Kamwe usiitie jiki, kwa kuwa jiki hukoleza kutu. Hata pasipo kutu, jiki kila wiki hudhoofisha nyuzi za pamba na kitani mpaka kitambaa kipasuke kwenye mikunjo. Jua letu linang'arisha vizuri zaidi: anika kitambaa kikiwa na povu la sabuni juu ya nyasi safi, na kikikauka kinyunyizie maji tena.

Nta ya mishumaa hupatikana kwenye kitambaa kikubwa cha altare. Iache igande, ikwangue kwa mgongo wa kijiko, weka karatasi ya kaki chini na nyingine juu, kisha pitisha pasi ya moto. Badilisha karatasi kila inapolowa. Kuosha nta kwa maji ya moto ni kuigawa kwa kitambaa chote.

Wanga, pasi na mkunjo

Korporali na palla hutiwa wanga, purifikatori haitiwi. Korporali iliyokakamaa ina uso laini, na chembe hukaa juu ambapo padre anaweza kuzikusanya kwa patena. Ikilegea zinajificha katikati ya nyuzi. Purifikatori ikitiwa wanga haifuti, inakwaruza tu.

Koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa muhogo katika nusu kikombe cha maji baridi. Namaanisha ule mweupe laini unaotuama chini ya maji ya muhogo uliokunwa, si unga wa ugali. Mimina kwenye lita moja ya maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka yaangaze, kisha chuja. Bonge lisilochujwa huungua chini ya pasi na kuacha doa la njano.

Piga pasi kitambaa kikiwa bado na unyevu. Upande wenye tarizi ulale chini, juu ya taulo iliyokunjwa, msalaba usisagike. Vigangoni kwenye pasi ya mkaa, tumia mkaa ulioshika vizuri usiorusha cheche, upulize majivu nje, jaribu pasi kwenye kitambaa chakavu, na weka kitambaa chembamba safi juu ya korporali kila unapopitisha.

Mkunjo wa korporali una sababu zake. Ilaze juu ya meza uso ukitazama juu, msalaba upande wako. Kunja theluthi iliyo karibu nawe iende katikati, halafu theluthi ya mbali ije juu yake. Sasa una mkanda. Leta theluthi ya kulia katikati, kisha ya kushoto juu yake. Ikifunguliwa itakuwa na miraba tisa. Kila mkunjo umeingia ndani, kwa hiyo ikikunjwa hivyo baada ya Misa hakuna chembe inayomwagika, na padre akiifungua altareni mkono wake unaanza kushoto bila kutafuta. Bonyeza mikunjo kwa kiganja, usiikaze kwa pasi. Mkunjo uliochomwa kila wiki ndio unaokatika kwanza. Purifikatori hukunjwa sehemu tatu kwa urefu, kisha sehemu mbili, ikae juu ya mdomo wa kalisi bila kuteleza.

Kabla ya kufua palla, toa kadi iliyo ndani. Kadi ya karatasi huvimba na kupinda, na palla iliyopinda huyumba juu ya kalisi. Kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye mfuniko wa ndoo, sentimita 15 kwa 15, hudumu miaka.

Idadi na kushona vipya

Parokia yenye Misa moja kila asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, na tatu za Jumapili hutumia purifikatori 9 kwa wiki, kama Misa ina kalisi moja. Kuwa na 18, nusu zikiwa kwenye kamba, na chache za akiba kwa sikukuu. Korporali sita zinatosha, zikibadilishwa kila wiki au mara tu zinapochafuka.

Dukani omba pamba tupu au kitani. Tetroni (poliesta) inang'aa na haikunjamani, lakini hainyonyi. Chomoa uzi uuchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, tetroni huyeyuka na kuwa kishanga kigumu. Bafta ya pamba nzuri inafaa kwa purifikatori. Nunua mita moja na robo ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150, kiloweke usiku mzima kabla ya kukata kwa sababu kitarudi, kisha kata vipande vya sentimita 33 kwa 48. Utapata purifikatori tisa, baada ya upindo zikiwa takriban 30 kwa 45. Fundi asiweke lesi. Lesi kwenye purifikatori hushika matone isiyoweza kuyafuta.

Hifadhi kwenye droo kavu iliyotandikwa kitambaa, si kwenye mfuko wa plastiki unaofungia unyevu. Vya sikukuu vikae bila wanga, kwani mende na wadudu wa nguo hufuata wanga. Vitie Jumamosi kabla ya sikukuu yenyewe. Nafthalini, vidonge vya kufukuzia wadudu wa nguo, iwe mbali na kitu chochote kinachogusa kalisi. Karafuu chache kwenye kifuko zinatosha.

Kitambaa kilichochakaa hakiwi dasta wala tambara la kufutia viatu. Kipitishe kwenye maji ya kwanza kwa mara ya mwisho, kikaushe, kichome, na majivu uyafukie palepale unapomwaga maji ya vitambaa.