Barakoa ya Vumbi Kazini: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kuanza

Kabla ya kuulizana inunuliwe barakoa gani, jueni kwanza vumbi lenyewe linatoka kwenye nini. Zege, matofali, mchanga na mawe mengi yana silika, yaani madini yanayopatikana kwa wingi kwenye mchanga. Chembe zake zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazizidi mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, na huko huacha makovu yasiyofutika. Kwa hiyo hewa inayoonekana safi muda mfupi baada ya grainda kuzimwa isiwadanganye mkavua barakoa.

Pili, punguzeni vumbi pale linapozaliwa: maji yamwagike kwenye diski wakati wa kukata, au mashine iunganishwe na kifyonza vumbi chenye kichujio cha hepa, kinachonasa chembe ndogo sana. Nchini Marekani kikomo cha OSHA, mamlaka ya usalama kazini, ni mikrogramu 50 za silika kwa mita moja ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Barakoa ya nusu uso (ya kufunika pua, mdomo na kidevu) iliyokaa sawasawa huhesabiwa huko kupunguza vumbi mara 10, maana yake mwisho wake ni hewa yenye mikrogramu 500. Kukata zege kavu ndani ya chumba kunaweza kuvuka hapo kwa urahisi.

Ndipo tufike kwenye barakoa. Angalia daraja lililoandikwa juu yake: N95 ya Marekani huchuja angalau asilimia 95 ya chembe, na za Ulaya, FFP2 asilimia 94, FFP3 asilimia 99. Ile nyepesi ya hospitali haishiki uso, basi kwa kazi hii haifai. Hata hizo nyingine hazizuii mvuke wa thina, wala hazileti oksijeni ndani ya tangi au shimo. Asbesto, madini ya nyuzi yaliyomo kwenye baadhi ya vigae vya zamani vya kuezekea, ni habari nyingine: waachiwe waliofunzwa na wenye vifaa vyake.

Penye shida hasa ni ukingoni. Chukua FFP3 inayopitisha asilimia 1 tu ya vumbi. Ikiwa asilimia 10 ya hewa unayovuta inapenya pembeni mwa pua, unavuta vumbi takriban mara 11 ya lile ambalo ungevuta barakoa ikikaa sawasawa. Ndevu, hata za siku moja au mbili, hutosha kufungua njia hiyo. Anayevaa barakoa ya kubana anyoe pale ukingo unapogusa ngozi. Asiyeweza kunyoa apewe kofia inayosukumiwa hewa safi kwa feni.

Kila mtu apimwe kama barakoa inamkaa, kwa aina ileile atakayovaa, kwa kuwa nyuso hazifanani. Jaribio la kawaida ni kunyunyizia ukungu mtamu au mchungu ndani ya kofia ya plastiki huku mvaaji akigeuza kichwa, akiinama na kuongea. Akisikia ladha, barakoa hiyo si yake. Ajaribu saizi au umbo jingine. Mwenye pumu au matatizo ya moyo aonwe na daktari kabla, kwani kuvuta hewa kupitia kichujio ni kazi ya ziada.

Wakati wa kuvaa, mkanda wa juu ukae kisogoni juu, wa chini ukae shingoni, chini ya masikio. Watu hupenda kuacha wa chini uning'inie, na hapo kidevuni panaachia. Kibanio cha pua kikandamizwe kwa vidole vya mikono miwili. Mkono mmoja hukikunja kama pembe na kuacha upenyo. Kisha ifunike kwa viganja na upulize: ukisikia upepo machoni, rekebisha. Yenye vali ya kutolea pumzi ikaguliwe kwa kuvuta hewa badala ya kupuliza; inapaswa kunywea kidogo usoni.

Andaeni za akiba. Ya kutupa haioshwi wala haipulizwi kwa kompresa, maana kichujio hutoboka au kupoteza nguvu yake. Ikilowa, ikichanika au pumzi ikiwa nzito, badilisha. Kompresa isitumiwe pia kupuliza nguo. Zifyonzwe kwa mashine barakoa ikiwa bado usoni, ivuliwe mwisho, mbali na eneo la vumbi.